Rialiti shoo zimeua mieleka? Maswali yenu kutoka Mtwara na Lindi

Toleo lililopita niliweka swali fupi la kaka mmoja wa Magomeni hapa Mtwara nikasema nitalijibu nikipata nafasi. Basi meseji zilizokuja baada ya hapo ni nyingi kuliko zile za bei ya korosho, na zote ni mieleka, mieleka, mieleka. Nimefurahi sana maana hili jambo ninalo moyoni toka mdogo, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa mieleka, mengine yatasubiri.

SWALI: Habari za kazi ndugu mwandishi. Mimi nina kibanda cha video hapa Magomeni toka 2004. Zamani siku ya mieleka watu wanajaa mpaka wengine wanachungulia kwenye matundu ya makuti. Sasa hivi nikiweka mieleka wanakuja wanne watano, vijana wanasema hiyo sinema, wanajua nani atashinda. Lakini nyumbani mke wangu na mabinti hawabanduki kwenye vile vipindi vya maisha ya hao hao wanamieleka, wanapika, wanagombana, wanaolewa. Nauliza hizi rialiti shoo ndo zimeua mieleka? (Mwenye kibanda, Magomeni, Mtwara)

JIBU: Kaka, pole na mahangaiko ya biashara. Nikujibu moja kwa moja, hazijaua, ila zimebadilisha kile mtu anachokuja kukitafuta akikaa mbele ya tivii, na kwa mwenye kibanda hilo ni pigo kweli nakuelewa.

Mimi nimekulia Chikongola. Kipindi hicho mieleka tunaiona kwenye mkanda wa deki, mkanda wenyewe unatoka Dar na basi, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 kila mtu wa kusini anaijua ile safari ya Rufiji ilivyokuwa, masika basi linaweza kulala njiani siku kadhaa. Kwa hiyo pambano limepiganwa Marekani Januari sisi tunaliona Aprili au Mei, na mle kibandani hakuna hata mtu mmoja anayejua limeishaje. Hakuna! Ndo maana watu walikuwa wanapanda juu ya mabenchi wanamuonya stelingi kwamba adui yuko nyuma yako ameshika kiti. Utamu ulikuwa kwenye kutojua, sio kwenye kuamini, na hapa ndo wengi wanachanganya mambo. Wale watu wazima waliokuwa wanakaa benchi la mbele walishashtuka zamani kwamba kuna namna, ukiwabana wanakwambia hawa wanapanga hawa, lakini Jumamosi inayofuata unawakuta pale pale na hela yao mkononi.

Na siri yenyewe haikutobolewa na rialiti shoo. Mwaka 1989 kampuni yenyewe ya mieleka ya Marekani, WWF, ndo hii WWE ya leo, ilikwenda mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey ikasema wazi kwamba mieleka yao ni burudani na matokeo yanapangwa, walikuwa hawataki kusimamiwa na kutozwa kama mchezo wa ngumi. Alafu Novemba 9, 1997 kule Montreal bingwa Bret Hart akapokonywa mkanda wa ubingwa kwa mpango ambao yeye mwenyewe hakuambiwa, bosi Vince McMahon kasimama pembeni ya ulingo anaangalia, na toka siku ile watu wakaanza kufuatilia ya nyuma ya pazia kuliko ya ulingoni. Mwezi mmoja baadae McMahon akatokea kwenye Raw, shoo yao ya kila wiki, akawaambia watazamaji kwamba habari za mtu mwema na mtu mbaya zimepitwa na wakati, wao sasa wanachota kwenye tamthilia, kwenye video za muziki, mpaka kwenye vile vipindi vya mchana vya watu kurushiana maneno studio. Hiyo ni Desemba 1997. Survivor, ile rialiti shoo ya kuchujana, imeanza kuonyeshwa Marekani Mei 2000. Yaani mieleka ilishaanza kuelekea kwenye rialiti shoo kabla rialiti shoo zenyewe hazijashika.

Sasa zilipokuja zilileta nini? Zilileta jicho. Kumbuka hapa kwetu, 2003 Mwisho Mwampamba yuko kwenye Big Brother Africa akamaliza wa pili, 2007 Richard Bezuidenhout akashinda, 2014 Idris Sultan akashinda, na kila mara vijiweni maneno ni yale yale, huyu anaigiza, yule ndo yeye mwenyewe, huyu anatafuta kiki. Watu wakazoea kukaa mbele ya tivii kama mahakimu. Ukilichukua jicho hilo ukalipeleka kwenye mieleka ambako kuigiza sio siri linakosa cha kufichua, basi linaanza kutafuta kingine, linaanza kuuliza nani anapendelewa na mabosi, nani ananyimwa nafasi, nani kweli anastahili ule mkanda.

WWE wenyewe wakalifuata jicho hilo. Juni 2001 wakaanzisha Tough Enough kwenye MTV, vijana wasiojulikana wanafundishwa mieleka mbele ya kamera na wanaoshindwa wanarudishwa nyumbani. 2004 wakaleta kwenye Raw Diva Search, shindano la kutafuta wanawake wa kuingia WWE, na Oktoba mwaka huo huo wakafanya shoo inaitwa Taboo Tuesday ambayo watazamaji wanapiga kura kwenye intaneti kuamua mambo ya mapambano, nani amkabili nani na kwa masharti gani. Hata NXT unayoisikia leo, 2010 ilianza kama shindano la kuchujana.

Mtu anayenionyesha haya yote vizuri ni The Miz. Mike Mizanin, kijana wa Ohio, 2001 alikuwa kwenye The Real World ya MTV, vijana wanaishi nyumba moja wanarekodiwa, na mle ndani akawa anajigeuza mwanamieleka anajiita The Miz. 2004 akaingia Tough Enough akashika nafasi ya pili. Alipopandishwa ulingoni watu walimkataa vibaya sana. Kosa lake ni lile ambalo sisi tunalisema kwa neno moja tu, hajasota. Wenzake wamezunguka miaka kwenye kumbi ndogo, wanalala kwenye magari, huyu kaja kutoka kwenye sofa la tivii. Kuna kipindi hata chumba cha kubadilishia nguo wenzake walimfukuza, anabadilishia kwingine. Lakini aliendelea kusota mbele ya macho yao, Novemba 2010 akawa bingwa wa WWE, na Aprili 3, 2011 kwenye WrestleMania, shoo yao kubwa kuliko zote za mwaka, akapigana pambano la mwisho la usiku, lile kubwa, dhidi ya John Cena na akatoka na mkanda wake. Kwangu mimi hii ni habari nzito kweli. Mtu ambaye watazamaji walimchukia kwa sababu ametoka rialiti shoo, wamekuja kumheshimu kwa kipimo hicho hicho cha rialiti shoo, kwamba tumemuona akihangaika toka siku ya kwanza.

Na 2014 ndo kabisa. Daniel Bryan, kipenzi cha watu, hakuwekwa kwenye Royal Rumble ya Januari, lile pambano la watu thelathini, ukumbi mzima ukazomea, wakamzomea hata Rey Mysterio ambaye hana kosa lolote, wakamzomea Batista aliyeshinda. Wiki na wiki wanazomea. Mpango ukabadilishwa, Aprili 6 kwenye WrestleMania 30 Bryan akashinda mapambano mawili usiku mmoja akavikwa mkanda. Ile ilikuwa kura, kaka. Watu walipiga kura kwa koo zao.

Kwa hiyo turudi kibandani kwako. Raw kwa saa zetu inaanza saa tisa usiku au saa kumi alfajiri kutegemea na msimu wa kule, kijana wako wa Magomeni anaamka asubuhi matokeo yako kwenye simu, dakika tatu za vipande vizuri ameshaviona bure. Chaneli ya WWE ya YouTube ilivuka wafuatiliaji milioni 100 mwaka 2024. Hicho ndo kimekuchukulia watu, sio kwamba wamegundua inapangwa, kwa sababu hao hao wanaosema hiyo sinema wanakulipa hela waone sinema siku sita za wiki. Ushauri wangu, acha kuweka mieleka ya kila wiki. Weka shoo kubwa tu, Royal Rumble na WrestleMania, na kabla ya kuanza simamisha mtu mwenye mdomo mzuri awasimulie kwa Kiswahili kisa kilikotoka, nani alimsaliti nani, nani kanyimwa nini. Hivyo visa ndo mkeo na mabinti wanavipata kwenye vile vipindi vya nyumbani. Kibandani umewaletea kuangushana peke yake, hukuwaletea kisa.

SWALI: Mi na kaka yangu tunabishana, Kofi Kingston ni Mjamaika au Mghana? (Mwanafunzi, Nachingwea)

JIBU: Mghana, amezaliwa Ghana 1981. Ila wote wawili hamjakosea kabisa, kwa sababu alipoanza kuonekana kwenye tivii ya WWE 2008 alitangazwa kama Mjamaika na lafudhi akawekewa, baadae wakaiacha ile habari wakarudi kwenye ukweli. Na ni kwa ukweli huo wa Ghana, na miaka 11 ya kusota, kwamba Aprili 7, 2019 alipomshinda Daniel Bryan akawa bingwa wa WWE watu wazima walilia ukumbini. Mwaka huo huo akaupeleka mkanda Ghana.

SWALI: Salaam. Binti yangu yuko kidato cha tatu, alikuwa hapendi kabisa mieleka, anasema ni mambo ya wanaume. Likizo alikuwa kwa shangazi yake Dar akaangalia Total Divas, kile kipindi cha maisha ya wanamieleka wanawake, amerudi anajua majina yote, sasa anaomba vocha ili aangalie na mapambano. Kwanza nauliza ni sawa? Pili, eti John Cena alimchumbia yule Nikki ulingoni, ilikuwa kweli au kiki? (Mama, Mkuti, Masasi)

JIBU: Dada yangu nianze na la pili maana ni fupi. Aprili 2, 2017 kwenye WrestleMania 33 mjini Orlando, Cena na Nikki Bella waliwashinda The Miz na mkewe Maryse, alafu Cena akapiga goti pale pale ulingoni akamvisha pete. Pete ilikuwa ya kweli na uchumba ulikuwa wa kweli, tarehe ya harusi ikapangwa, na Aprili 2018 wakaachana kabla haijafika. Kilichonisikitisha mimi ni kwamba walipoachana watu wengi walikataa hata kuwaonea huruma, walisema ni mbinu ya kutangaza msimu mpya wa kipindi cha Total Bellas. Hiyo ndo gharama yake. Mtu akishaishi mbele ya kamera hata machozi yake watu wanayapima.

Sasa la binti. Total Divas ilianza Julai 28, 2013 kwenye chaneli ya E! na ikaenda misimu tisa. Kitu cha ajabu ni kwamba mwanzoni ilikuwa inaonyeshwa Jumapili na Raw ni Jumatatu, kwa hiyo Jumapili mtazamaji anawaona wanawake wawili wanashauriana mambo ya nyumba kama ndugu, Jumatatu wanavutana nywele ulingoni kama maadui. Zamani kitu kama hicho kilikuwa marufuku kabisa, wanamieleka wana neno lao la kulinda siri, keifebi, na stelingi na adui walikuwa hawaruhusiwi hata kupanda gari moja. Mwaka 1987 Jim Duggan na Iron Sheik walikamatwa na polisi New Jersey wakiwa gari moja wakati ulingoni ni maadui wakubwa, na ikawa kashfa kuliko hata vile vitu walivyokutwa navyo. Miaka 26 baadae kampuni ile ile inauza kipindi kizima cha maadui wanaokaa meza moja.

Mashabiki wa zamani walilalamika sana, hasa wanaume. Wakasema wanawake wanapewa nafasi kwa ajili ya kipindi na sio kwa ajili ya mieleka. Na kusema kweli walikuwa na hoja, hata ulingoni kwenyewe hoja hiyo ilisemwa. Agosti 26, 2013 AJ Lee, bingwa wa wanawake wakati ule na hakuwa kwenye kipindi hicho, alishika kipaza sauti kwenye Raw akawaambia wenzake wa Total Divas usoni kwamba hawana kipaji cha kazi hii, wanataka umaarufu tu. Hebu ona walivyofanya, malalamiko ya watazamaji kuhusu rialiti shoo wameyachukua wameyageuza kisa cha ulingoni!

Lakini mimi naangalia kilichofuata. Wasichana kama binti yako waliingia kupitia mlango wa jikoni, wakawajua wale wanawake kwa majina, wakajua nani ameumia goti, nani anagombana na mumewe kuhusu kupata mtoto, alafu wakaanza kuangalia mapambano yenyewe wakakuta wanawake wanapewa dakika mbili tatu. Februari 2015 pambano moja la wanawake kwenye Raw liliisha kwa sekunde 30 hivi, na watu wakalipuka mitandaoni wakidai wanawake wapewe nafasi, siku nzima na zaidi. 2016 ule mkanda wenye umbo la kipepeo uliokuwa unaitwa wa Divas ukafutwa ukaletwa mkanda wa wanawake wenye hadhi sawa na wa wanaume, 2018 wakapata Royal Rumble yao, na Aprili 2019 Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey wakapigana lile pambano kubwa la kufunga WrestleMania, mara ya kwanza katika historia kwa wanawake. Sisemi yote hayo yameletwa na Total Divas, wanawake walioipigania ile kazi ulingoni ndo wameyaleta, wengi wao hawakuwa hata kwenye kipindi. Lakini mtazamaji aliyedai hakutoka hewani.

Kwa hiyo dada mimi nasema mpe hiyo vocha akiwa amemaliza masomo ya siku. Ila kaa nae kidogo umwambie jambo moja ambalo wengi hawawaambii watoto wao, kwamba kati ya vile viwili anavyoviangalia, kile kinachojiita maisha halisi ndo cha kuwa nacho macho zaidi. Wanarekodi masaa na masaa alafu wanakata, neno la Jumatatu linaweza kuunganishwa na sura ya mtu ya Ijumaa ikaonekana amekasirika kwa neno lile. Mieleka haina uficho huo siku hizi, inasema wazi imepangwa, na mtu akirushwa chini amerushwa chini.

SWALI: Hapa kijiweni Mtanda, Lindi, tumegawanyika. Wengine tunasema mieleka ilishuka kwa sababu ya UFC, yale mapigano ya kweli ya ngumi na mateke, wengine wanasema rialiti shoo. Tumalizie ubishi. (Vijana wa kijiwe)

JIBU: Wadogo zangu mmegawanyika bure, ni kitu kimoja. UFC mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa inapoteza hela vibaya, wamiliki wanafikiria kuiuza. Januari 17, 2005 wakaanza rialiti shoo inaitwa The Ultimate Fighter, wapiganaji wanaishi nyumba moja, wanafundishwa, wanachujana, na ilionyeshwa kwenye chaneli ya Spike TV. Saa ngapi? Mara tu baada ya Raw! Yaani mtazamaji wa mieleka hajanyanyuka kwenye kiti, Raw imeisha, anaona wapiganaji wanagombana nyumbani alafu wanapigana na hakuna aliyepanga matokeo. Aprili 9, 2005 Forrest Griffin na Stephan Bonnar wakapigana fainali ambayo hata leo watu wa UFC wanasema ndo iliwaokoa.

Walichokifanya kilikuwa rahisi ukikiangalia leo, walichukua visa na mabifu, ambavyo ni chakula cha mieleka, wakamalizia na ngumi ambazo hazijapangwa. Kwa yule mtazamaji wa kiume ambaye jicho lake limeshazoea kuuliza huyu anaigiza au la, pale hakuwa na cha kuuliza. Mieleka iliwapoteza wengi kwa njia hiyo na sidhani kama wote walirudi. Brock Lesnar mwenyewe bingwa wa mieleka alihamia kule, Novemba 2008 akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, na aliporudi WWE 2012 alikuwa wa kuogopwa mara mbili maana kila mtu anajua mikono ile inapiga kweli. Mwisho wa yote toka Septemba 2023 WWE na UFC ziko chini ya kampuni moja, TKO. Pande zote mbili za kijiwe mnamlipa mtu yule yule.

SWALI: Assalam aleykum. Nina mtoto wa miaka tisa anampenda John Cena kuliko kitu chochote. Mwaka 2025 Cena alipogeuka mbaya mtoto alikosa hata kula. Sasa binamu yake mkubwa amemuonyesha kwenye simu kile kipindi cha Netflix kinachoonyesha jinsi wanavyokaa chumbani wanaandika nani ashinde na nani ageuke. Mtoto amelia, anasema baba kwa nini hukuniambia. Sijui nimjibu nini. (Baba, Newala)

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu.

Kipindi hicho ni WWE: Unreal, msimu wa kwanza umetoka Julai 29, 2025, vipande vitano, na ni kweli kinaingiza kamera mpaka kwenye chumba cha waandishi ambako Paul Levesque, yule Triple H tuliyekuwa tunamuona na nyundo, anakaa na wenzake wanapanga. Kugeuka kwa Cena kule Toronto Machi 1, 2025 nako kumo. Mimi ni mtu mzima na nilikiangalia nikiwa na uzito fulani moyoni. Sio kwamba sikujua. Ni kwamba kujua ni kitu kimoja na kuonyeshwa meza, kalamu na ubao ni kitu kingine, na ningependa kampuni ifikirie watoto kabla ya kuuza na jikoni. Wameshauza kila kitu, pambano, maisha ya nyumbani, sasa wanauza na upangaji wenyewe.

Lakini wewe uko Newala, na mama yangu ni wa huko, kwa hiyo nitakujibu kwa kitu cha huko. Unakumbuka midimu? Wakati wali wanatoka jandoni, ngoma zinalia, anatokea mtu amevaa kinyago cha mti usoni, mwingine amejifunga na kile cha kifuani chenye tumbo la mama mjamzito, wengine wanatembea juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni, na sisi watoto tunakimbia mpaka tunaanguka kwenye mihogo. Tuliambiwa sio mtu yule. Tuliambiwa ni wa kutoka kwa waliokufa. Nakumbuka siku mjomba wangu aliponikalisha chini akaniambia yule ni fulani, jirani yetu, yule yule anayetutengenezea jembe. Ya ndani ya jando siyasemi hapa yabaki mahali pake, ila hilo moja kila mtu mzima analijua. Na mimi nilimuuliza mjomba swali lile lile la mwanao, kwa nini hukuniambia. Akaniambia nilikuwa nasubiri ufike umri wa kuitunza hii habari pamoja na sisi.

Mwaka uliofuata midimu ilipotoka tena nilikuwa nimesimama upande wa wakubwa. Nilijua ni nani yuko mle ndani. Na bado yule mtu alipotikisa mabega ngoma ikapanda nilisisimka mwili mzima, nadhani zaidi kuliko nilipokuwa nakimbia, kwa sababu sasa nilikuwa naona kazi. Naona jinsi anavyohema chini ya ule mti mzito, jinsi miguu inavyofuata ngoma wakati macho yanaona kwa tundu dogo, na jirani yetu mpole yule amepotea kabisa.

Mwambie mwanao hivyo. Mwambie ulikuwa unasubiri, na sasa yuko upande wa wakubwa, na kazi yake kuanzia leo ni kutomharibia mdogo wake. Utashangaa watoto wanavyoipenda kazi hiyo. Alafu akikuuliza sasa Cena wa kweli ni yupi, mpe kitu ambacho hakikuandikwa kwenye ubao wowote. Kuna taasisi Marekani inaitwa Make-A-Wish ambayo inatimiza matakwa ya watoto wenye magonjwa makubwa, na Cena ameshakutana na watoto zaidi ya 650 walioomba kumuona yeye, hakuna mtu mwingine aliyewahi kufika hapo. Kwa karibu miaka ishirini mashabiki watu wazima walikuwa wanapiga kelele ageuzwe adui na haikufanyika mpaka siku ile ya Toronto, na mimi nina hakika wale watoto ni sehemu kubwa ya sababu.

Na huyo binamu mkubwa usimgombeze sana, ila mkalishe nae. Hakuna mjomba aliyemkalisha yeye.

SWALI: Kwani ile sakafu ya ulingo si sponji tupu? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Hapana. Chini ni mihimili ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao kuna sponji jembamba tu, alafu turubai. Inanesa kidogo na inatoa ule mlio mkubwa unaousikia, lakini ni mbao. Kitu cha kwanza mwanafunzi wa mieleka anachofundishwa, kabla ya kushika mtu, kabla ya kisa chochote, ni kuanguka. Kidevu kifuani ili kisogo kisiguse, mgongo wa juu utue wote kwa pamoja, mikono ipanuke ipige sakafu. Wanakirudia hicho siku nzima mpaka mgongo unavimba, kesho yake wanarudi wanaanguka tena.